Mieleka ya Japani na Meksiko: Matokeo hupangwa, gharama haipangwi

MWULIZE shabiki wa kawaida wa mieleka ya kulipwa akutajie pambano bora kuliko yote, naye huenda akakutajia majina ya Wamarekani aliowaona katika televisheni au kanda za video. Mwulize shabiki aliyebobea, yule anayekusanya mapambano ya kale kama wengine wanavyokusanya stempu, naye atakupeleka mbali zaidi: Mexico City, Septemba 23, 1983, au Tokyo, Juni 3, 1994.

Mapambano hayo mawili hayafanani hata kidogo. La Mexico City lilikuwa vurumai ya ngumi na damu, na aliyeshindwa alinyolewa kichwa mbele ya umati. La Tokyo lilichukua karibu dakika 36, hakuna aliyenyolewa wala kuvuliwa chochote, na bingwa aliondoka na mikanda ileile aliyoingia nayo. Hata hivyo, kila moja lina watu wanaoapa kwamba mchezo huu haujawahi kufika juu zaidi ya hapo.

Swali la mtu asiyeupenda mchezo huu ni la haki. Iweje pambano ambalo mshindi wake anajulikana kabla ya kengele kulia liitwe bora?

Jibu linalotolewa na historia ya nchi hizo mbili ni kwamba shabiki wa kweli hapimi nani ameshinda. Anapima kilichowekwa rehani, na kama kweli kililipwa.

Kinachopangwa na kisichopangwa

Mieleka ya kulipwa si mieleka ya Olimpiki. Mshindi huamuliwa na waandaaji, na wapiganaji hushirikiana kwa siri ili anayetupwa aanguke salama. Mashabiki waliobobea ndio wa kwanza kulikiri hilo.

Lakini kuujua mwisho hakujawahi kumzuia mtu kuisikiliza hadithi. Mtoto anayesimuliwa ngano ya Sungura na Fisi anajua tangu mwanzo kwamba Fisi atapumbazwa, na bado huomba asimuliwe tena. Anachokisubiri si mwisho, bali namna mwisho huo utakavyofikiwa.

Aidha, yapo mambo ambayo mwandaaji hana uwezo wa kuyapanga. Hawezi kuiamuru shingo isiume inapogonga ulingo, ambao chini ya turubai na tabaka jembamba la sponji ni mbao tupu. Hawezi kuzirudisha nywele zilizonyolewa, wala kumwongezea mpiganaji miaka aliyokwisha kuitumia.

Ni katika mambo hayo yasiyopangwa ambapo Japani na Meksiko zilijenga utamaduni wao wa mieleka, kila moja kwa njia yake.

Japani: Kumbukumbu ya miaka mingi

Nchini Japani, mieleka ya kulipwa ilikua pamoja na televisheni. Februari 19, 1954, miaka tisa tu baada ya nchi hiyo kushindwa katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Rikidozan, aliyewahi kuwa mcheza sumo, alipanda ulingoni jijini Tokyo. Alishirikiana na mwanajudo Masahiko Kimura dhidi ya ndugu wawili, Ben na Mike Sharpe.

Ndugu hao walikuwa Wakanada. Lakini machoni mwa umati uliosongamana mbele ya televisheni zilizowekwa barabarani walikuwa Wamarekani, na kila pigo lililowapata lilipooza kidogo fedheha ya vita. Kinaya ni kwamba shujaa huyo wa Wajapani alikuwa mzaliwa wa Korea, jambo ambalo wengi wa waliomshangilia hawakulijua.

Rikidozan alichomwa kisu katika klabu ya usiku jijini Tokyo na kufariki dunia Desemba 15, 1963. Wanafunzi wake wawili wakaja kuugawana urithi wake mwaka 1972: Antonio Inoki alianzisha kampuni ya New Japan, na Giant Baba akaanzisha All Japan.

Ni katika kampuni ya Baba, miaka ya 1990, ambako mapambano yanayotajwa zaidi na wakusanyaji yalipiganwa. Mei 14, 1990, Mitsuharu Misawa, aliyekuwa akipigana kwa kinyago cha chui milia na kwa jina la Tiger Mask, alimtaka mshirika wake, Toshiaki Kawada, amfungue kamba za kinyago hicho katikati ya pambano. Akakivua na kuendelea kupigana kwa sura yake mwenyewe.

Kabla ya mwezi kwisha tangu siku hiyo, Juni 8, alimshinda Jumbo Tsuruta, aliyekuwa nguzo ya kampuni, katika ukumbi wa Nippon Budokan. Usiku huo kizazi kimoja kilikabidhi kijiti kwa kingine.

Misawa na Kawada walisoma shule moja ya sekondari, Misawa akiwa mbele kwa mwaka mmoja. Walipokutana Budokan kuwania ubingwa Juni 3, 1994, watazamaji hawakuwa wakiwaangalia watu wawili wasiojuana. Walikuwa wakimtazama mdogo aliyechoka kuitwa wa pili, na mkubwa asiyekuwa tayari kumpisha.

Kawada alimpiga mateke ya kichwa na kumtupa kwa shingo. Misawa alijibu kwa viwiko. Mwishowe bingwa alitoa silaha aliyokuwa akiihifadhi tangu mwaka 1991: aliibana mikono ya mpinzani wake kwa nyuma, akamnyanyua na kumshindilia chini kichwa kikitangulia. Kawada hakuamka.

Nguvu ya mwisho huo haikutokana na pigo peke yake. Misawa aliitumia mbinu hiyo mara chache mno katika maisha yake ya ulingoni, na kila aliyeketi Budokan alijua maana ya kuiona. Mbinu kali ni kama fedha: ikichapishwa kila siku, hupungua thamani.

Mwaka mmoja baadaye, Juni 9, 1995, Misawa na Kenta Kobashi walipambana na Kawada na Akira Taue kwa zaidi ya dakika 42. Kobashi aliingia na mguu mbovu, na wapinzani wake wakauandama mguu huohuo. Ulipofika wakati ambapo hakuwa na uwezo wa kusimama, alijitupa juu ya Misawa na kumkinga kwa mwili wake, ili mapigo yampate yeye.

Haikusaidia. Kawada alimbana Misawa mabega chini hadi hesabu ya tatu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika pambano lolote kabla ya siku hiyo. Hakuna kombe ambalo lingeweza kueleza uzito wa sekunde hizo tatu kwa mtu ambaye hakuwa amefuatilia miaka iliyotangulia.

Hapo ndipo ulipo ubora, na pia ugumu, wa mieleka ya Japani. Ni riwaya ndefu, na anayefungua ukurasa wa mwisho bila kusoma iliyotangulia huona watu wawili wakipigana tu.

Meksiko: Uso kuwa dhamana

Meksiko ilifuata njia nyingine. Salvador Lutteroth alianzisha kampuni yake Septemba 1933, na kampuni hiyo, ambayo sasa inaitwa CMLL, ndiyo kongwe kuliko zote zinazoendelea duniani. Makao yake ni Arena México, ukumbi uliofunguliwa mwaka 1956 na wenye nafasi ya watu zaidi ya 16,000.

Mwaka 1934 mpiganaji mmoja Mmarekani alimwendea fundi viatu wa Mexico City, Antonio Martínez, akitaka kushonewa kinyago cha ngozi cha kufunika uso. Kazi hiyo iligeuka kuwa biashara ya familia, na kinyago kikawa nembo ya mchezo mzima.

Aliyekipa kinyago hadhi yake ni El Santo, mtu wa kinyago cha rangi ya fedha, aliyeanza kutumia jina hilo mwaka 1942. Alicheza filamu zaidi ya 50, akipambana na majambazi, wanasayansi wendawazimu na wafu waliofufuka, bila kuonyesha uso. Mwanzoni mwa mwaka 1984 alikiinua kinyago chake kidogo katika kipindi cha televisheni. Siku chache baadaye, Februari 5, alifariki dunia, akazikwa akiwa amekivaa.

Pale ambapo uso umefichwa kwa miaka mingi, uso huo huwa mali, na mali inaweza kuwekwa dau. Katika pambano la dau, wapiganaji hukubaliana mbele ya umma: atakayeshindwa atavua kinyago, au kama hana, atanyolewa nywele. Kwa kawaida hupigana raundi tatu, na mwenye mbili ndiye mshindi.

Anayevuliwa kinyago hutaja ulingoni jina lake halisi, mahali alikozaliwa na miaka aliyoitumia katika kazi hiyo, na desturi humkataza kukivaa tena. Novemba 7, 1952, El Santo alimvua Black Shadow kinyago, na pambano hilo lilithibitisha kwamba hakuna mkanda wa ubingwa nchini humo unaoufikia uso wa mtu kwa thamani.

Nywele ni dau dogo zaidi, kwa sababu huota tena. Lakini pambano linalotajwa na wengi kuwa kilele cha mieleka ya Meksiko ni la nywele: Sangre Chicana dhidi ya MS-1, Septemba 23, 1983, katika sherehe za miaka 50 ya kampuni ya Lutteroth.

MS-1 alimvamia mwenzake mapema, na haikuchukua muda uso wa Sangre Chicana ukawa umetapakaa damu. Kilichofuata si maonyesho ya mbinu. Ni mtu aliyepigwa hadi akayumba, anayejizoazoa polepole, halafu anaanza kurudisha ngumi moja baada ya nyingine huku ukumbi mzima ukimsukuma kwa kelele. Alishinda, na MS-1 akanyolewa.

Mtu asiyejua neno moja la Kihispania wala jina la mpiganaji hata mmoja anaweza kulielewa pambano hilo mwanzo hadi mwisho. Hiyo ndiyo tofauti yake kubwa na yale ya Budokan.

Mfano wa pili ni wa Machi 17, 2000, ambapo Atlantis na Villano III waliweka vinyago vyao dau. Villano III alikuwa akikaribia miaka 48 na alikuwa amekificha kichwa chake kwa takriban miaka 30. Aliposhindwa, alijitambulisha kwa jina la Arturo Díaz Mendoza, mtoto wa Ray Mendoza, bingwa wa zamani. Watu waliokuwa wakimzomea kwa ukorofi wake wakasimama kumpigia makofi.

Safari za kwenda na kurudi

Itakuwa kosa kudhani kwamba shule hizi mbili zilikua bila kuonana. Satoru Sayama, Tiger Mask wa kwanza, aliyeushangaza umma wa Kijapani kwa kuruka kwake kuanzia mwaka 1981, alikuwa amekomaa katika ulingo wa Meksiko na Uingereza. Misawa mwenyewe alikuwa Meksiko kabla ya kurudi nyumbani mwaka 1984 kukivaa kinyago cha chui milia. Baadaye Último Dragón, Mjapani aliyejengea jina lake Meksiko, alifungua huko shule ya kuwafunza vijana kutoka Japani.

Dau la nywele nalo lilivuka bahari. Agosti 28, 1985, jijini Osaka, Chigusa Nagayo, kipenzi cha wasichana wa shule wa Japani, alishindwa na Dump Matsumoto, mwanamke aliyechukiwa kuliko wote katika televisheni ya nchi hiyo. Nagayo alinyolewa ulingoni huku maelfu ya wasichana wakilia kwa sauti. Mkasa wa wanawake hao ulirudiwa mwaka 2024 katika tamthilia ya Netflix iitwayo The Queen of Villains.

Agosti 15, 1992, Manami Toyota alimshinda rafiki yake, Toshiyo Yamada, katika dau kama hilo. Kisha mshindi akafanya lisilotarajiwa: alijaribu kuzuia rafiki yake asinyolewe, akataka zikatwe nywele zake mwenyewe.

Mizani ya nani?

Mashabiki wengi huyapima mapambano kwa nyota, mtindo uliosambazwa na mwandishi Mmarekani Dave Meltzer katika jarida lake la Wrestling Observer. Kwa miaka mingi nyota tano zilichukuliwa kuwa kilele. Mapambano ya Misawa na wenzake yalizipata mara kwa mara, na katika mwaka 2017 na 2018 mapambano ya Kazuchika Okada na Kenny Omega huko Japani yalipewa sita, na kisha saba.

Mizani hiyo ina kasoro moja ambayo wapenzi wa mieleka ya Meksiko hawachoki kuitaja. Huelekea kumtunuku anayedumu muda mrefu, anayetumia mbinu nyingi na anayeamka baada ya kila pigo. Kwa mizani ya namna hiyo, mtu anayetokwa na damu na kurusha ngumi kwa dakika chache huonekana hakufanya kazi ya kutosha.

Lakini ni wasomaji wa jarida hilohilo waliolichagua pambano la Atlantis na Villano III kuwa bora la mwaka 2000. Walielewa kwamba uso uliofichwa miaka 30 hauhitaji nyota.

Pambano linaloziunganisha hoja hizo mbili lilifanyika nje ya nchi zote mbili. Novemba 6, 1994, jijini Los Angeles, Marekani, El Hijo del Santo, mtoto wa El Santo, na Octagón waliweka vinyago vyao dau dhidi ya nywele za Eddie Guerrero na Art Barr. Baba yake Eddie, Gory Guerrero, ndiye aliyekuwa mshirika mashuhuri wa El Santo mwenyewe. Watoto wa marafiki wawili walisimama sasa kama maadui.

Guerrero na Barr walijipatia chuki kwa kuwadhihaki Wameksiko, na ukumbi ulijaa watu wenye asili ya nchi hiyo. Siku mbili baadaye wapigakura wa California walipitisha pendekezo la kuwanyima huduma za umma wahamiaji wasio na vibali, hatua iliyokuja kuzuiwa na mahakama. Wenye vinyago walishinda, wenye dharau wakanyolewa. Ushindi ulikuwa umepangwa, lakini hasira na furaha iliyokuwamo ukumbini haikuandikwa na mtu.

Barr alifariki dunia Novemba 23 mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 28. Guerrero alifariki Novemba 13, 2005, akiwa na miaka 38.

Siku ya kulipa

Ni hapa ambapo sifa za shabiki hugeuka kuwa mzigo. Juni 13, 2009, mjini Hiroshima, Misawa alinyanyuliwa na kutupwa kwa mgongo, mbinu ambayo alikwisha kuangushwa nayo mara zisizohesabika. Kwa mujibu wa taarifa za wakati huo, alimwambia mwamuzi kwamba hawezi kusogea. Alifariki usiku huo kwa jeraha la uti wa mgongo shingoni, siku tano kabla ya kutimiza miaka 47.

Alikuwa rais wa kampuni ya NOAH aliyoianzisha mwaka 2000, na miezi michache kabla ya kifo chake kampuni hiyo ilikuwa imepoteza mkataba wa televisheni. Mwili uliobebeshwa mizigo ya Budokan kwa miaka 20 ulikuwa bado ukiuza tiketi.

Usiku wa Machi 20, 2015, mjini Tijuana, Perro Aguayo Jr. alilegea juu ya kamba za ulingo baada ya kupigwa teke. Pambano liliendelea kwa muda, kwa kuwa baadhi ya waliokuwepo walidhani ni sehemu ya maigizo. Alikuwa na miaka 35, na hakuzinduka.

Tukio hilo ndilo jibu chungu kwa wanaosema kwamba kila kitu ni uongo. Mchezo uliojengwa juu ya kuwafanya watu waamini maumivu ulishindwa kuyatambua maumivu ya kweli yalipokuja.

Ndiyo maana shabiki anayeyasifu mapambano ya Budokan leo hawezi kuyatazama kama alivyoyatazama zamani. Kila shingo inapogonga ulingo mwaka 1994, yeye anaijua Hiroshima. Kuna walioacha kuyatazama kabisa. Kuna wanaosema kwamba kuyasahau kungekuwa dhuluma ya pili kwa mtu aliyetoa kiasi hicho.

Katika mjadala huo, Meksiko ina hoja nzito. Dau la nywele na kinyago humpa mtazamaji hasara ya kweli bila kulazimisha shingo ya mtu kuvunjika. Aguayo anaonyesha kwamba hata huko hakuna kinga kamili, lakini aliyenyolewa mwaka 1983 alitoka ukumbini kwa miguu yake, na watu wangali wakilizungumza pambano lake zaidi ya miaka 40 baadaye.

Kwa anayetaka kuanza, mpangilio una maana. Lile la Sangre Chicana na MS-1 litangulie, kwani halihitaji maelezo. Lifuate la Atlantis na Villano III, na asilizime kengele ya mwisho inapolia, kwa sababu kilicho muhimu hutokea baada yake. Ya Misawa na Kawada yaanzie Juni 8, 1990, yafuatwe mwaka kwa mwaka. Atakayefika Juni 3, 1994 kwa njia hiyo hatahitaji kuambiwa kwa nini watu waliokuwa Budokan walinyamaza kidogo kabla ya kupiga kelele.